Kufunga grupu kupinga sera mpya ya mtandao, inasaidia? Jibu langu kwa mleta uzi

Mkuu nimesoma uzi wako wote mpaka komenti za mwisho. Kwa wanaoingia sasa hivi, mleta uzi anasema mtandao waliopo umetangaza kwamba zana za nje, yaani bot (programu zinazojiendesha zenyewe) na aplikesheni ambazo kampuni yenyewe haikuzitengeneza, zitaanza kulipiwa, na maadimini wenzake wanataka kufunga grupu siku mbili kupinga. Anauliza inasaidia au ni kujichosha, alafu anauliza pia kama afute posti zake zote za zamani. Waliotangulia wamejibu "fungeni wataona cha moto" na wengine "hamna lolote hapo", na kiukweli naona pande zote mbili zimejibu kwa kuchangamka tu.

Mimi nimekuwa adimini muda mrefu kwenye grupu la watu wanaofundishana kutengeneza vifaa vya umeme, redio, simu, mashine za kufulia, vitu vya namna hiyo. Tulipitia jambo linalofanana sana na lenu, tukafunga, tukafungua, tukagombana wenyewe kwa wenyewe, kuna tulichopata na kuna tulichopoteza. Mtandao wenyewe siutaji, sitaki maneno. Hiyo mingine nitakayoitaja kwa majina ni ile ambayo habari zake zilishaandikwa dunia nzima.

Nianze na hizo siku mbili. Ukimtangazia mwenye mtandao kwamba unafunga Jumatatu na Jumatano asubuhi umerudi, yeye kazi yake inakuwa kuangalia kalenda. Mgomo gani unatangaza tarehe ya kurudi kazini kabla haujaanza? Hata wale wafanyakazi wake wa ndani ambao pengine wanawaunga mkono wanakosa cha kusema kwenye kikao, maana bosi atajibu tusubiri hadi Jumatano.

Na hili wala siyo la kubahatisha, lilishafanyika kwa ukubwa ambao nyie hamtaufikia. Mwaka 2023 Reddit, ule mtandao wa magrupu ya mijadala yanayoitwa jumuiya, walitangaza mwezi wa nne kwamba API yao, ule mlango ambao programu za nje zinachotea data, itakuwa ya kulipia. Watu hawakushtuka sana mpaka bei ilipojulikana mwisho wa mwezi wa tano. Christian Selig, jamaa aliyetengeneza Apollo ambayo watu wa iPhone walikuwa wanaipenda kupita maelezo, akasema ameambiwa dola 12,000 kwa kila maombi milioni 50 (ombi moja ni kila mara aplikesheni inapochota data), na aplikesheni yake mwezi uliopita ilikuwa imepiga maombi bilioni 7, sasa piga hesabu mwenyewe, ni kama dola milioni 20 kwa mwaka, na bei inaanza Julai mosi, yaani ana mwezi mmoja wa kujipanga. Akatangaza anafunga Juni 30.

Basi Juni 12 jumuiya zaidi ya 8,000 zikajifungia kwa siku mbili. Siku ya kwanza zilijifunga nyingi kwa mpigo mpaka mtandao wenyewe ukaanguka kwa muda, watu wakashangilia wakaona kazi imekwisha. Kesho yake ikavuja barua ambayo mkurugenzi mtendaji Steve Huffman aliwaandikia wafanyakazi wake, na kiini chake ni kwamba zogo hili litapita kama yalivyopita mengine na mapato hayajaguswa kwa kiasi cha kutisha. Alikuwa anajua tarehe, kama nilivyosema.

Kilichomkera kilikuja baadaye, kwa wale waliogoma kufungua baada ya siku mbili. Hapo ndo kampuni ikaanza kuwaandikia moda, yaani maadimini wa huko, kwamba fungueni au tunatafuta wengine wa kufungua. Moda wakaja na vituko, jumuiya kubwa ya picha ikapiga kura kwamba kuanzia leo inaruhusiwa picha ya John Oliver tu, yule mchekeshaji wa televisheni, na mwenyewe akafurahi akatoa picha zake zitumike. Wengine wakaziwekea jumuiya zao alama ya mambo ya watu wazima kwasababu kwenye kurasa hizo matangazo hayawekwi, hiyo ilikuwa akili kweli maana iligusa pesa moja kwa moja, na ndo maana waliofanya hivyo baadhi yao walipigwa chini haraka sana. Huffman akaongea na televisheni ya NBC ya Marekani akawafananisha moda na mabwanyenye wanaorithi ardhi, kwamba aliyewahi ndo anamiliki milele na watu wa kawaida hawana njia ya kumtoa. Lile neno liliwauma watu, ila kama nitakavyoeleza mbele lilikuwa limechomeka sehemu yenye ukweli kidogo.

Mwisho wa yote Julai mosi ikafika, Apollo ikazimwa, bei ikabaki pale pale. Mwezi wa pili 2024 zikatoka habari kwamba Google watawalipa Reddit kama dola milioni 60 kwa mwaka kwa kutumia maandishi ya watumiaji kufundishia akili bandia, na mwezi wa tatu hisa zao zikaingia sokoni New York. Sasa rudi nyuma uangalie mgomo wa mwaka uliotangulia, unaona kwanini hawangeweza kulegeza? Ule mlango wa data ndo ulikuwa bidhaa yenyewe waliyokuwa wanajiandaa kuiuza, huwezi kuutaka ubaki bure kwa kufunga siku mbili. Alafu mwezi wa tisa 2024 wakaweka sheria kwamba jumuiya iliyo wazi ikitaka kugeuka ya faragha lazima iombe ruhusa kwanza. Kitufe cha mgomo kikahamia mezani kwa bosi, kwa hiyo mkuu hilo nalo lichunguze huko kwenu kabla hamjapiga kura, isije ikawa mnapigia kura kitu ambacho hamna uwezo nacho.

Kwa hiyo swali ambalo mimi naliuliza kwanza nikisikia sera mpya ni hili: je, hiyo sera ndo pesa yao, au ni kitu walichokiandika vibaya au kukifikiria nusu? Kama ni ya pili watarudi nyuma haraka hata bila kufunga kitu. Instagram mwezi wa 12 mwaka 2012 waliweka masharti mapya yaliyosomeka kama vile picha za watu zingeweza kutumika kwenye matangazo bila kulipwa wala kuulizwa, kelele zikawa kubwa, na ndani ya siku chache wakarudisha maneno ya zamani ya kipengele cha matangazo. OnlyFans, mtandao ambao watu wanalipia kuona video za wengine, Agosti 2021 walitangaza kupiga marufuku video za ngono, hazikupita siku nyingi wakaifuta marufuku kabla haijaanza, na hapo kumbuka pesa ilikuwa upande wa waliolalamika, hao waliokuwa wanafukuzwa ndo walikuwa biashara yenyewe.

Lakini sera ikiwa ndo pesa, utapewa vipande vya pembeni tu. Facebook 2006 walipoleta ile orodha ya habari za marafiki zako ukurasa wa mbele watu walikasirika, likaanzishwa grupu la wanafunzi wa kuipinga likafika watu kama laki saba wakati Facebook yenyewe ilikuwa bado ndogo tu, na Zuckerberg akaandika kuomba watu watulie. Walichopata ni vitufe vya kuchagua nani aone nini. Ile orodha haikuondoka mpaka leo, na ndo inayowaingizia hela za matangazo. WhatsApp mwanzoni mwa 2021 vile vile, walipotangaza sera mpya ya faragha watu walikimbilia Signal na Telegram mpaka Telegram wakasema wamepata watu wapya milioni 25 kwa saa 72, WhatsApp wakasogeza tarehe kutoka Februari 8 mpaka Mei 15. Wakasogeza tu, sera ikapita.

Sasa nikwambie ya kwetu, maana hapo ndo utapata kitu cha kutumia.

Sisi tulikuwa na bot ambayo memba mmoja aliitengeneza kwa mapenzi yake. Ilikuwa inakamata akaunti mpya zinazoingia na kumwaga linki za vipuri feki, unajua wale matapeli wanaokuuzia betri imeandikwa uwezo mkubwa ukiifungua ndani kuna mchanga. Bila ile bot adimini unashinda unafuta takataka. Alafu tulikuwa na fundi mmoja wa redio ambaye haoni, mzee mtaratibu, majibu yake yalikuwa marefu na ya uhakika kuliko ya sisi wenye macho, yeye alikuwa anatumia aplikesheni ya nje inayomsomea kila kitu kwasababu ile rasmi ya mtandao vitufe vyake havikuwa na majina, ukiigusa kisomaji kinakwambia kitufe, kitufe, kitufe, hujui kipi cha kujibu na kipi cha kufuta. Sera mpya ikaja ikasema kila zana ya nje italipia kwa idadi ya maombi. Jamaa wa bot akasema yeye hana hiyo hela. Aplikesheni ya mzee ikatangaza inafunga. Hapo damu ikachemka.

Kura ya kufunga ilipigwa kwenye chumba cha maadimini, usiku, asubuhi memba wakaamka wanakuta mlango umefungwa na tangazo. Wapo waliofurahi. Ila wapo waliokuwa wameshafungua vifaa vyao mezani skrubu ziko kwenye kifuniko cha chupa wanasubiri jibu, sasa unamwambia nini mtu kama huyo? Na watu wa nje waliokuwa wanatafuta tatizo lao kwenye Google wakiletwa kwenye uzi wetu wanakutana na ukuta. Hao hawajui API ni mdudu gani, wanachojua ni kwamba maadimini wa lile grupu wanaringa. Hapo ndo lile neno la mabwanyenye linapopata pa kushika, na kampuni ikishapata msemo huo inautumia: sisi tunawatetea memba dhidi ya hawa wachache waliowateka.

Siku ya pili ikaja mambo ambayo hakuna aliyeyawaza. Matapeli wale wale wa betri wakafungua grupu lenye jina linalofanana na letu, nembo yetu wameikopi, wakaanza kupokea watu wetu kwa tabasamu. Alafu kampuni ikaanza kumwandikia adimini mmoja mmoja, faragha, lugha tamu kabisa, kwamba tumeona jumuiya yenu haipatikani na tungependa kujua kama wewe binafsi uko tayari kuifungua na kuiongoza. Zingatia, hawakuandika kwenye grupu la maadimini wote, kila mtu kwenye boksi lake. Mmoja akakubali. Mimi sikumwita msaliti na mpaka leo simwiti, alikuwa na sababu zake na alikuwa anawaonea huruma memba, lakini urafiki uliisha palepale na maadimini wengine wawili wakajitoa. Tukafungua tukiwa tumegawanyika, na sera iko pale pale.

Kilichokuja kuzaa matunda hakikuwa na shangwe yoyote. Tuliungana na maadimini wa magrupu mengine machache, likiwemo la watu wasioona, tukaandika barua moja fupi yenye mambo mawili tu. La kwanza, vitufe vya aplikesheni rasmi viwekewe majina, na aplikesheni za nje za watu wasioona zisitozwe mpaka hiyo kazi iishe. La pili, bot za ulinzi zinazotumiwa na maadimini bila biashara ziwe na kiwango cha bure. Bei ya jumla hatukuigusa kabisa. Kuna waliotutukana kwa hilo, wakasema tumeuza mapambano. Lakini mambo hayo mawili yalikuwa na sifa moja muhimu, kulikuwa na mtu ndani ya kampuni, wa ngazi ya kati tu, mwenye uwezo wa kuyasaini bila kwenda kumuuliza mkubwa wake. Na akasaini. Majina ya vitufe yalikuja kidogo kidogo, kiwango cha bure kikawekwa, bot ikarudi. Mzee akarudi.

Nikaja kugundua hata Reddit wenyewe 2023 walichotoa kilikuwa hicho hicho, aplikesheni za watu wenye ulemavu ambazo hazifanyi biashara kama RedReader na Dystopia zikasamehewa bei, na zana za moda zikaachwa bure, kwasababu jumuiya ya wasioona ilikaza kwenye hoja moja iliyo wazi ambayo hakuna msemaji wa kampuni angeweza kusimama hadharani kuipinga. Kati ya zile jumuiya 8,000, hoja ya hao wachache ndo iliyopenya.

Sasa unaweza kusema mkuu unatutaka tuwe wapole. Hapana. Kuna kitu kinauma kuliko kufunga, nacho ni mgomo baridi. Grupu liko wazi, memba wanaposti kama kawaida, ila nyie maadimini mnaacha kufanya ile kazi ya bure mnayofanya kila siku. Hamfuti takataka, hampitishi posti, hamjibu ripoti, mnatangaza wazi kwamba mmeacha na kwanini. Kufunga kunamficha bosi tatizo, maana ukurasa uliofungwa unaonekana msafi. Grupu lililo wazi bila walinzi ndani ya wiki linaanza kunuka na matangazo ya watu yanakaa katikati ya hiyo harufu, na hapo bosi analazimika kuweka watu wa kulipwa au kuja mezani. Na memba hawajanyimwa kitu, ushahidi wanauona wenyewe kwa macho.

Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya watengeneza programu, na mtandao wake wote walifanya hivi mwezi wa sita 2023. Kampuni ilikuwa imewapa moda maelekezo yaliyowafunga mikono wasifute majibu yaliyoandikwa na akili bandia hata wakiona kabisa ni uozo, moda wakaacha kazi, na hata ile mashine ya kujitolea ya kukamata takataka inayoitwa SmokeDetector ikazimwa na wenyewe. Hawakuweka tarehe ya kurudi. Wakachagua wawakilishi, wakakaa mezani na kampuni, na mwezi wa nane mgomo ukaisha kwa makubaliano yaliyoandikwa, ikiwemo namna moda wataruhusiwa kushughulikia majibu ya akili bandia na ahadi kuhusu nakala ya data kuendelea kutolewa kwa umma. Hawakupata kila kitu. Lakini walipata karatasi, na karatasi unaweza kumrushia mtu mwaka unaofuata.

Kwenu mgomo baridi unaweza usifae kama grupu lenu ni la watu walio hatarini, labda wagonjwa au watoto wa shule, huwezi kuacha matapeli waingie kwa watu kama hao ili kumkomoa bosi. Hilo mtaamua wenyewe mnalijua grupu lenu.

Kuhusu kura sasa. Kama mtapiga, pigeni na memba, iwe wazi siku kadhaa, swali liwe moja na la kueleweka, na mseme mapema idadi gani ya kura mtaiona inatosha. Msijiwekee kiwango cha kujinyonga lakini. Facebook waliwahi kuwa na utaratibu wa watumiaji kupigia kura sera, ila kura haiwabani mpaka ifike asilimia 30 ya watumiaji wote. Mwezi wa 12 mwaka 2012 ikapigwa kura ya mwisho, watu karibu 670,000 wakapiga na kama asilimia 88 wakakataa mabadiliko, lakini kwa mtandao wa watu bilioni moja asilimia 30 ni watu milioni 300, kwa hiyo haikuhesabika, na moja ya mabadiliko yaliyopita siku hiyo lilikuwa kufuta huo utaratibu wa kura wenyewe. Yaani ukisoma unaweza kucheka mpaka ulie.

Alafu kuna suala la kuhama, naona wengi hapo juu wanasema "tuhame tu" kama vile ni kubeba begi. Kuhama kunamuumiza mwenye mtandao kweli, na mifano ipo. Digg, mtandao wa watu kushirikishana linki za habari, walibadilisha kila kitu Agosti 2010, watu wakakasirika, mwisho wa mwezi huo wakaujaza ukurasa wa mbele wa Digg kwa linki za Reddit, na wakasepa. Mwaka 2012 Digg ikauzwa kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa kama dola laki tano. Tumblr, mtandao wa blogu, mwisho wa 2018 walipiga marufuku maudhui ya watu wazima, kukawa na siku ya kutoka mtandaoni kupinga, sera haikubadilika, ila watu waliondoka kimya kimya na mwaka uliofuata ikauzwa kwa Automattic, kampuni ya WordPress.com, kwa bei iliyoripotiwa kuwa chini ya dola milioni 3, wakati Yahoo 2013 waliinunua dola bilioni 1.1. Siyo kwamba marufuku peke yake ndo iliiua, ilikuwa inachechemea tayari, ila waliobaki walikuwa na sababu chache za kubaki.

Sasa angalia tofauti, watu wa Digg walikuwa na Reddit ipo tayari inawasubiri, inafanya kazi ile ile. Wasio na pa kwenda wanajenga, na kujenga kunachukua muda. Waandishi wa hadithi za mashabiki walipofutiwa akaunti kwenye mtandao wa blogu wa LiveJournal mwaka 2007, mamia kwa mkupuo, hawakuishia kulalamika, mwaka huo huo wakaanzisha shirika lao lisilo la faida, na hifadhi yao ya hadithi mtandaoni, AO3, ikafunguliwa kwa umma Novemba 2009. Miaka miwili! Lakini wanamiliki seva zao, hakuna wa kuwaamkia asubuhi na sera mpya ya matangazo, na mpaka leo wapo.

Na ukihama usijaribu kuhamisha wote, hawatakuja. Sisi tulipofungua tovuti yetu pembeni tulitangaza wee, memba wakabofya kupenda tangazo alafu wakarudi kule kule. Kilichofanya kazi ni kuwafuata mmoja mmoja wale wachache wanaojibu maswali. Kwenye grupu lolote wanaouliza ni wengi, wanaosoma kimya ni wengi zaidi, wanaojibu ni wa kuhesabu kwa vidole. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliliandika 2006, kwamba kwenye jumuiya nyingi za mtandaoni asilimia 90 wanasoma tu, asilimia 9 wanachangia kidogo na asilimia 1 ndo wanabeba mzigo. Tukamfuata mzee wa redio, tukamfuata yule mama wa mashine za kufulia ambaye akisikia sauti ya video tu anakwambia beringi imekwisha, tukawauliza mnataka nini huko, mzee akasema nataka vitufe vyenye majina basi. Tukaweka. Walipohamia hao, wanaouliza wakaanza kuwafuata bila kuitwa, polepole sana, na grupu la zamani bado lipo na bado tunalilinda. Tunaishi sehemu mbili, siyo vizuri wala siyo vibaya.

Swali lako la pili, kufuta posti. Mimi nakwambia usifute. Najua inavyojisikia, maandishi yako wanayauza na wewe hupati hata senti, hasira hiyo naielewa vizuri. Lakini anayeumia ni yule mtu wa saa nane usiku anayetafuta tatizo ambalo wewe ulishalitatua, kampuni ina nakala zake. Na mara nyingi hata haikubaliki, Mei 2024 Stack Overflow walipotangaza mkataba na OpenAI, wale wa ChatGPT, kuna watu walianza kufuta na kuharibu majibu yao ya zamani kwa kupinga, majibu yakarudishwa na wenye akaunti wakasimamishwa kwa muda, kwasababu ukisoma masharti ya pale ulishatoa leseni ya kudumu siku uliyobonyeza tuma. Soma masharti ya kwenu yanasemaje.

Unachotakiwa kufanya kabla ya lolote ni kuchukua nakala. Leo, kabla ya kura. Mitandao mingi ina sehemu ya kupakua data yako kwenye mipangilio ya akaunti, iombe maana wakati mwingine inachukua siku kadhaa kuandaliwa. Miongozo ya grupu, zile nyuzi mlizozibandika juu, orodha ya maswali yanayorudiwa, zote zihifadhiwe sehemu ambayo siyo ya huo mtandao, na waandishi waulizwe kwanza maana ni mali yao. Na pateni njia ya kuwasiliana na wale wanaojibu nje ya hapo, barua pepe inatosha, kwasababu siku mkipigwa chini hamtapewa saa moja ya kuagana.

Alafu mkuu kuna kitu hukukisema kwenye uzi wako. Hiyo bei mpya inahusu zana zote au kuna msamaha kwa zana za maadimini? Na tangazo limesainiwa na nani, ni mkubwa kabisa au ni timu fulani? Weka hapa hilo tangazo lenyewe tulisome, maana kama ni timu fulani mimi ningeanza na barua ya mambo mawili kabla ya kitu chochote, na nina ile yetu bado, naweza kukutumia uikopi ubadilishe majina.